Kwa gari lako kutoka Tabora hadi mashamba ya zabibu Dodoma: safari inalipa?

Mwangaluka, watu wangu wa Tabora, na ninyi mnaotutazama kutoka Kigoma, Urambo, Nzega na popote mlipo. Hapa mezani mbele yangu kuna chupa nne. Mbili za mvinyo mwekundu, moja ya mweupe, na moja ya ule mtamu wenye kilevi kikali, Dompo, ambao wengi wetu ndio tuliouzoea. Zote zimetokana na zabibu za Dodoma. Lakini leo nachambua safari nzima: unatoka hapa na gari lako, unafika Dodoma, unazunguka mashamba na viwanda, unarudi nyumbani. Swali mnaloniuliza kila mara ni kama inalipa. Jibu langu ni ndiyo, inalipa, ila uende msimu wa mavuno ya kiangazi, na uwape wakulima muda mwingi kuliko unaowapa wauza chupa.

Tuanze na barabara, maana wengi bado wanaiogopa kwa kumbukumbu za zamani. Tabora hadi Nyahua ni kilomita 85 hivi, Nyahua hadi Chaya nyingine 85, halafu Itigi, Manyoni, na kutoka Manyoni kwenda Dodoma mjini ni kama 130. Jumla ni karibu kilomita 390. Kipande cha Nyahua na Chaya ndicho kilichokuwa kinatutesa, vumbi kiangazi, tope masika, hadi watu wakawa wanazunguka Nzega na Singida. Sasa ni lami mwanzo mpaka mwisho. Gari dogo linatosha kabisa. Jaza tangi hapa Tabora. Kwenye vijiji shuka hadi 50, trafiki wapo, na faini ya 30,000 ni hela ya chupa nzuri ya mvinyo. Ukitoka Manyoni kuna mteremko wa Saranda, unashuka Bonde la Ufa. Malori yanapata shida pale. Shusha gia mapema, usiining'inie breki, acha nafasi na gari la mbele. Chini unapita Kintinku na Bahi, kwenye mpunga, na hapo umeshaingia Ugogo.

Njia yenyewe ina historia yake. Karne ya 19 misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilipita humu humu ikienda pwani na pembe za ndovu, na watemi wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kila msafara uliovuka nchi yao, kwa sababu maji yalikuwa yao na nchi ni kame. Ukame huo ndio unaoipa Dodoma zabibu nzuri, na hapa naomba mnisikilize vizuri kidogo, maana ndipo ilipo siri ya kupanga tarehe.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi. Majani yanapukutika, mti unapumzika, unaamka joto likirudi, na mkulima anavuna mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeamua ni mkulima na mkasi wake. Akipogoa, mti unachipua upya, unatoa maua, unafunga vishada, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Kwa hiyo anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka: mara moja Februari na Machi, mara nyingine Agosti na Septemba. Haya mavuno mawili hayafanani hata kidogo. Ya masika yanakutana na mvua na unyevu, ukungu unashambulia majani na vishada, mkulima anapiga dawa mara kwa mara, na punje zinajaa maji. Ya kiangazi yanaiva kwenye hewa kavu na jua la siku nzima, sukari inapanda, ganda linakuwa na rangi nzito. Mvinyo mzuri unaanzia hapo.

Kwa hiyo nenda Agosti au Septemba. Kwetu pia ni wakati mzuri, wengi wa wakulima wetu wa tumbaku wanakuwa wameshauza, na njia za mashambani kule Dodoma zinakuwa kavu. Ukienda Desemba utakuta mashamba mabichi ya kupendeza kwenye picha, lakini hakuna cha kuonja mtini, na njia nyingine zitakunasa.

Sasa uende wapi? Mashamba yameuzunguka mji pande zote. Kaskazini, barabara ya Kondoa, kuna Veyula na Makutupora. Makutupora ndipo kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya taifa, na jina la mahali hapo ndilo limepewa aina ya zabibu nyekundu ambayo wakulima wengi wanaipanda. Kaskazini mashariki kuna Hombolo, lenye bwawa kubwa na kiwanda cha mvinyo cha Cetawico. Mashariki, barabara ya Morogoro, unafika Chinangali wilayani Chamwino, ambako wakulima wa ushirika wanamwagilia kwa matone. Kusini, barabara ya Iringa, kuna Mpunguzi. Na kuna Bihawana, kwenye misheni ya Wakatoliki, ambako kilimo hiki kinatajwa kuanzia miaka ya 1950, kwa mapadre waliohitaji divai ya misa.

Usijaribu kuyamaliza yote. Ningeshauri ulale Dodoma mjini, siku moja uitoe kwa Hombolo, nyingine uchague Makutupora au Mpunguzi. Anayekimbiza vituo vitano kwa siku anarudi na picha za mageti.

Na tuseme ukweli kuhusu mageti. Huko nje ya nchi mtu anaingia na gari kwenye shamba la zabibu, anakuta chumba cha kuonjea, bei ukutani, kijana wa kumzungusha. Dodoma usitegemee hivyo kila mahali. Kuna kiwanda kimoja tulichopiga simu, tukakubaliana saa, tukafika, na mlinzi akatuambia hana taarifa yoyote ya wageni. Tulikaa juani mpaka tukaondoka. Hilo limeniuma, kwa sababu watu wanatoka mbali na hela mkononi, wanataka kununua, na mtu wa kuwapokea hayupo. Vibao vya kuelekeza navyo ni vichache mno. Ushauri wangu: piga simu siku moja kabla, piga tena asubuhi ile ile, omba jina la atakayewapokea. Ukipotea, wasimamishe bodaboda, wanajua shamba la nani liko wapi kuliko ramani ya kwenye simu.

Lakini shambani! Mpunguzi tulipokewa na mama mmoja mkulima, tukamwamkia, akatutangulia kwenye mistari ya mizabibu. Miti imefungwa kwenye nyaya zilizovutwa kati ya nguzo, vishada vinaning'inia usawa wa kiuno. Walikuwa wameanza kuvuna alfajiri, kwa mikasi, wanapanga kwenye kreti. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu zabibu ikikaa juani kwenye kreti inaanza kuchachuka yenyewe kabla haijafika kiwandani, na joto linakula ule uchachu unaoupa mvinyo uhai. Akanipa punje, akaniambia, "Usiimeze, tafuna na mbegu." Nikatafuna. Akanichagulia nyingine kutoka upande wenye kivuli. Ile ya kwanza mbegu yake ilikuwa ya kahawia, inavunjika kama karanga, ladha imetulia. Ya pili mbegu ilikuwa bado ya kijani, ukakasi ukanikamata ulimi wote. Anasema utamu peke yake unadanganya, sukari inaweza kupanda haraka kwa jua la Dodoma wakati mbegu bado changa. Akaniambia mbegu ndiyo inayomwambia kama ni leo au ni wiki ijayo.

Tangu siku hiyo nikionja mvinyo mwekundu najua ule ukakasi umetoka wapi, kwenye ganda na mbegu. Hicho ndicho ninachokiita thamani ya safari, na huwezi kukinunua dukani.

Alituambia pia kinachomkosesha usingizi. Zabibu ya mvinyo haisubiri. Imeiva, inatakiwa ikamuliwe haraka. Mnunuzi akichelewa, au akishusha bei akijua huna pa kupeleka, umeumia. Ndiyo maana wenye matangi wanakamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, mvinyo ghafi, kwa wale wanaoujaza kwenye chupa. Mchuzi unaweza kukaa, zabibu haiwezi. Kwa hiyo mkulima mwenye tangi ana nguvu mezani, asiye nalo anaomba. Ninyi wa tumbaku na asali mnalielewa hilo bila mimi kulifafanua.

Kiwandani, ukipata wa kukupokea, omba uone matangi wakati mvinyo unachachuka. Mwekundu unachachukia pamoja na maganda yake, rangi inatoka humo. Mweupe unakamuliwa kwanza, maganda yanawekwa pembeni. Uchachukaji wenyewe unatoa joto, na kwa hali ya hewa yetu joto hilo likiachwa linaharibu harufu, kwa hiyo matangi ya chuma cha pua yanapozwa muda wote. Uliza wanapoza kwa kiwango gani, hasa mweupe. Anayekujibu bila kusita anaijua kazi yake.

Sasa dereva. Dereva haonji. Sheria yetu ya usalama barabarani inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, lakini mimi nasema kikomo cha anayeshika usukani kiwe sifuri, na mteremko wa Saranda unapandwa wakati wa kurudi pia. Kwetu aliyeendesha ni shemeji yangu, ambaye hatumii kileo kabisa, na hakukosa kitu: alikula zabibu mbichi mpaka basi, akanunua zabibu kavu za nyumbani, akaongea na wakulima kuliko sisi wote. Nasema hivi kwa sababu najua wengi hapa Tabora hamtumii. Safari hii ni yenu pia. Na watoto waende, wakachume.

Gharama kubwa ni mafuta. Kwenda, kurudi na mizunguko ya mashambani, hesabu kilomita 1,000. Gari linalokula lita moja kwa kilomita 13 litataka lita 77 hivi. Mkiwa wanne mkachangiana, inabebeka.

Turudi kwenye chupa. Hii nyekundu ya kwanza ni zabibu ya Makutupora, mkavu, yaani sukari yote imeliwa na hamira. Rangi imekolea, ukakasi upo lakini una adabu, mwishoni kuna uchachu unaokuita tena. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba hawajakaa Tabora mwezi wa kumi. Weka kwenye friji nusu saa. Mimi nimeunywa na nyama ya mbuzi ya kuchoma, halafu nikajaribu na nsansa, mboga yetu ya majani yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, na nsansa ndiyo iliyoshinda. Mafuta ya karanga yanalainisha ule ukakasi.

Nyekundu ya pili ina utamu kidogo. Ni ya mtu anayeanza. Haina kosa, lakini sina la kuwaambia zaidi.

Hii nyeupe ni Chenin Blanc, zabibu ya asili ya Ufaransa, na Dodoma imeipokea vizuri sana. Ikiwa baridi ina harufu ya tunda, uchachu safi. Mgebuka wa kukaanga kutoka Kigoma na glasi ya hii, jamani, sijaonja kinachomfaa samaki yule namna hiyo. Kama utanunua chupa moja tu katika safari nzima, nunua hii.

Dompo ni mvinyo wa glasi ndogo, baada ya chakula. Kilevi chake kiko juu, soma lebo. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba kwa miaka mingi huku kwetu ndio pekee tuliouziwa, tukahitimisha kwamba zabibu ya Dodoma haiwezi zaidi ya utamu. Inaweza, na nimekanyaga shamba inakotoka.

Kubeba: usiweke chupa kwenye buti siku nzima juani, joto linasukuma kizibo na mvinyo unaiva vibaya. Weka nyuma ya viti vya mbele, kwenye boksi, funika kwa blanketi lenye unyevu. Nyumbani laza chupa mahali penye giza, mbali na jiko.

Na ninyi wenye maduka ya vinywaji hapa Tabora, nawaomba kwa heshima. Mnachukua mzigo Dodoma na barabara sasa ni lami. Leteni Chenin, leteni Makutupora mkavu, hata kreti moja moja kwa kuanzia. Mkileta, niandikieni hapo chini duka liko mtaa gani, nitakuja kununua na nitawaonyesha watazamaji.