Cool Water ya Davidoff: pafyumu iliyonianzishia ugonjwa

Kuna watu ugonjwa wao viatu, wengine simu, mie wangu ni pafyumu. Saivi ninazo chupa kumi na sita kabatini, najua idadi kwa sababu mke wangu huwa anazihesabu kwa sauti ili nisikie. Ila leo naizungumzia moja tu, Cool Water ya kiume, ile ya chupa ya bluu, kwa sababu ndo iliyoniponza tangu utotoni na mwezi uliopita nimeinunua tena nikaivaa wiki tatu mfululizo, kazini, msikitini, kwenye daladala, mpaka siku ambayo nilikuwa nashinda ndani napiga pasi tu.

Nianzie mbali kidogo, mtanisamehe. Nimekulia Tanga, Ngamiani, nyumbani kwa bibi. Kwetu harufu nzuri haikuwa kitu kigeni, Alhamisi jioni bibi anafukiza udi, chetezo kinazungushwa chumba kwa chumba, shangazi zangu na asumini zao kichwani, kukiwa na maulidi tunamwagiwa marashi ya mawaridi mpaka kofia inalowa. Lakini yote hayo yalikuwa mambo ya wanawake au mambo ya ibada. Mwanamme wa kawaida siku ya kawaida alikuwa ananukia sabuni ya kipande, basi, na ikifika jioni ananuka kazi aliyoifanya. Sikuwahi kufikiria kwamba mwanaume anaweza kuwa na harufu yake mwenyewe ambayo akitoka chumbani inabaki kama yupo.

Sasa mjomba wangu alikuwa baharia. Anaondoka miezi, anarudi na begi lake, redio, saa, jinzi za watu walioagiza na watu ambao hawakuagiza. Safari moja, nipo darasa la sita, akarudi na chupa ya bluu. Asubuhi nimekaa ukumbini na kikombe cha uji, mlango wa chumba chake uko wazi, namuona amesimama mbele ya kioo ametoka kunyoa ndevu, akaimimina kidogo kiganjani, akasugua mikono, halafu akajipiga makofi mashavuni, pa pa pa, na moja shingoni. Akapita mbele yangu akaenda zake. Uji wangu ukapoa nikiwa nimeduwaa. Naapa nilichonusa mie ni ubaridi, sijui nielezeje, unajua ukifunua mtungi wa maji mchana wa jua kali ukaingiza uso mule ndani kabla hujachota? Ule ubaridi wa udongo, sasa weka na nanaa juu yake. Harufu ya baridi, Tanga, mwezi wa pili. Nilikuwa sijui kama kitu kinaweza kunukia baridi.

Kuanzia hapo ikawa wizi. Mjomba akitoka kwenda barazani mie naingia, naimimina, najipiga makofi mashavuni na ndevu sina hata moja, naenda shule. Kwa mwezi mzima hivo. Ilipofika nusu nikashtuka, na akili ya mtoto ni ileile kila mahali, nikachukua maji nikajazia. Jamani. Ile kitu palepale ikageuka nyeupe, kama maji yaliyooshewa mchele! Nikaitikisa, ikazidi. Nikaisubiri itulie, wapi. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mafuta yenye harufu yanayeyuka kwenye spiriti na sio kwenye maji, sasa ukiongeza maji mengi spiriti inazidiwa, mafuta yanajitenga vitone vidogo vidogo na ndo ule ukungu unaouona. Siku ile nilijua nimelogwa tu.

Jioni naitwa.

"Mjomba, hebu njoo." Kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivohivo, mjomba.

"Naam."

Kainyanyua chupa kwenye taa. "Hii bahari imechafuka lini?"

Sikujibu, machozi yalijibu. Bibi anauliza huko nje kuna nini, mjomba anamwambia hakuna kitu mama, tunapima hali ya hewa. Hakunipiga. Kaniambia ukitaka kunukia niombe, ukiiba utanuka, kisha akanipa ile chupa na uchafu wake wote, niliitumia mpaka tone la mwisho na haikuwa na nguvu yoyote lakini nilitembea nayo kifua mbele kama nahodha.

Afu kitu cha kuchekesha, miaka yote hiyo nilikuwa naamini ile ni pafyumu. Kumbe ilikuwa aftasheivu! Ya kupaka baada ya kunyoa. Ndo maana ilikuwa ya kumimina na sio ya kupulizia, na ndo maana nilikuwa naweza kufungua kifuniko nikatia maji, chupa ya kupulizia yenyewe imebanwa kwa chuma shingoni, hutii kitu mule hata uwe fundi. Kwa iyo mapenzi yangu yote ya pafyumu yameanzia kwenye dawa ya kutuliza wembe.

Tuje kwenye pafyumu yenyewe sasa. Imetoka mwaka 1988, aliyeitunga ni Mfaransa Pierre Bourdon, huyohuyo aliyetunga pafyumu ya Kouros ya Yves Saint Laurent ya mwaka 1981, na ukiijua Kouros ilivo na vurugu utashangaa mtu mmoja alitoaje vitu viwili vya namna hiyo. Hilo jina Davidoff ni la mzee Zino Davidoff, muuza sigara wa Geneva, Uswisi, mie nikakumbuka mjomba alivokuwa anachanganya harufu hii na sigara zake na nikasema aah, kumbe hakukosea.

Ukiipulizia tu mwanzo unakutana na nanaa na lavenda, kali, safi, kuna kaukali fulani kama jani bichi lililosuguliwa mkononi. Hiyo ni dakika kumi kumi na tano. Baadae inalainika, inakuja upande wa mauamaua lakini sio maua ya mke wa mtu, maua ya mbali, na chini kabisa unabakiwa na sandali, miski, na kitu kama tumbaku kavu ambayo haijawashwa. Huku chini ndo ninapopapenda kuliko juu, ila watu wengi wanainusa dukani dakika mbili wanaondoka, hawafiki huku.

Ile hali ya bahari haitoki baharini, msidanganyike na matangazo ya mawimbi. Inatoka maabara. Kuna kemikali inaitwa dihidromirsenoli, ilitumika kwa wingi kwenye pafyumu ya Drakkar Noir ya mwaka 1982, halafu Cool Water ikaja kuimwaga zaidi, na baada ya hapo pafyumu za kiume zikaingia kwenye bluu zote na hazijatoka mpaka leo. Kemikali yenyewe ni ya bei rahisi na inavumilia sabuni, kwa iyo viwanda vinaiweka kwenye sabuni za kuogea, sabuni za unga, shampuu, kila kitu. Sasa kijana wa leo anainusa Cool Water anakwambia "mbona inanukia kama sabuni?" Mwanangu, sabuni ndo inanukia kama hii, wewe umeanza kumfahamu mtoto, sasa unamshangaa baba kwa kufanana naye.

Kabla sijaipata hii ya ukweli nimeliwa hela, nisifiche. Mshahara wangu wa kwanza Dar nilinunua kwa jamaa mmoja barabarani Kariakoo, boksi zuri, naylon ipo, bei nusu. Kufika geto napulizia, spiriti tupu, dakika ishirini hakuna kitu na kesho yake shingo ina vipele. Nikaangalia boksi vizuri, maandishi ya nyuma yamepinda na namba ya chini ya boksi hailingani na namba ya chini ya chupa. Hiyo ndo angalieni kwanza kabla ya kunusa, namba iliyogongwa kwenye boksi na ya kwenye chupa ziwe moja, na pia kile kichwa cha kupulizia, ya feki inatema matone kama mtu anakohoa, orijino inatoa ukungu mwepesi.

Nikahamia kwenye pafyumu za kupima, zile za mafuta, unapimiwa mili kumi kwenye kichupa cha kupaka. Sizisemi vibaya, zimenisitiri miaka, na kwa kudumu zinaishinda orijino mbali sana, unapaka Ijumaa mpaka Jumamosi kola inanukia. Ila kwa harufu hii hasa zinaiua. Cool Water utamu wake ni ule mwanzo unaoruka, na kinachoirusha ni spiriti inavyokauka haraka kwenye ngozi, ukiitoa spiriti ukabakiza mafuta ule ubaridi haupo, inakaa palepale nzito, wimbo mmoja asubuhi mpaka jioni. Udi kwa mafuta sawa, ambari kwa mafuta sawa, hii hapana.

Hii ya saivi nimenunua dukani kabisa, mili 125, elfu themanini na tano baada ya kubembelezana sana na muuzaji. Nikajiwekea utaratibu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka kuoga, napaka mafuta yasiyo na harufu shingoni na kifuani (ngozi kavu inakunywa pafyumu kama mchanga, hili wengi hawalijui wanalaumu pafyumu), napulizia mbili kifuani, mbili shingoni, moja mgongoni kwenye shati. Daladala ya Mbagala, mmesimama mmebanana mkono wa mtu upo usoni kwako, hapo ndo unaijua pafyumu ilivo. Siku ya kwanza mama mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa kageuka kaniangalia kasema "baba unanukia vizuri, simama hapahapa," nikasimama hapahapa mpaka Kariakoo.

Kwa iyo nguvu ya mwanzo ipo. Tatizo linakuja saa nne, imeshashuka nusu. Saa saba mchana mpaka mtu akukumbatie. Jioni narudi nyumbani, mie siisikii kabisa, ila mke wangu anasema anaisikia kwenye shati, na nadhani yuko sahihi, pua inazoea harufu uliyoshinda nayo kutwa ikaacha kukuletea habari zake. Kwa joto la Dar na jasho lake naipa masaa manne kwenye ngozi, masaa nane kwenye nguo. Ukitaka ya kukaa kutwa usinunue hii, au nunua ujaze kichupa kidogo ubebe begini, mie nabeba.

Jingine linaloniudhi ni kwamba kila mtu anayo. Ofisini tuko wanaume kumi na moja, watatu tunanukia mamoja, tukikaa kikao ni kama tumeoga pamoja. Wapo wanaosema ukitaka kitu cha ukoo huohuo lakini cha kipekee zaidi nenda kwenye Green Irish Tweed ya Creed, ya mwaka 1985, nimeinusa kwa rafiki, kweli ni ndugu, ila bei yake chupa moja unapata Cool Water na friji. Mie kwa mtu anayeanza, kijana anataka harufu ya kiume ya kuvaa na shati jeupe na asimkere mtu ofisini, bado namwambia achukue hii. Harusini usiku hapana, itamezwa na udi wa wenzako dakika tano. Kwa kumi naipa nane, na najua moja kati ya hizo nane ni ya mjomba.

Idi iliyopita nilienda nayo Tanga. Mjomba bahari kashaacha siku nyingi, macho yamepungua nguvu, anashinda barazani na kikombe chake cha kahawa. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, nikamwekea chupa mkononi bila kusema kitu. Akaipapasa, akatoa kifuniko, akaigeuza juu ya kiganja kusubiri imiminike. Haikutoka kitu. Nikamwambia hii ya kubonyeza, nikamshika mkono nikampulizia kiganjani mara tatu. Akasugua, akajipiga makofi mashavuni, pa pa pa, na moja shingoni, pale pale kama zamani. Akavuta pumzi. Akanyamaza. Akavuta tena.

"Mjomba."

"Naam."

"Umetia maji tena?"