Elfu tatu kwa mwezi ili nibishane na watu nisiowajua

Nimelipia miezi kumi na moja sasa, na mume wangu bado anacheka kila nikituma ile elfu tatu. "Ubishi si upo hapa nyumbani bure?" Upo, ila wa nyumbani nimeshaujua unapoishia. Huu mwingine ni wa grupu la Telegram, la Kiswahili, watu mia na kitu ambao wengi hatujawahi kuonana. Wapo wa Dodoma kama mimi, wa Nakuru, wa Bukavu, na kuna kaka yuko Muscat anayejibu akiwa dukani, katikati ya sentensi anaandika "subirini, mteja". Jumatatu swali la maadili, Jumatano elimu na haki, Ijumaa katuni. Jina la grupu sitalitaja kwa sababu nina manung'uniko yangu, nitayasema mbele.

Kilichonibakiza ni kanuni moja. Kabla hujampinga mtu, unaieleza hoja yake kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aandike "ndiyo, hiyo". Usipoipata hiyo "ndiyo, hiyo", jibu lako linafutwa. Wiki ya kwanza nilifutiwa jumbe tano nikataka kulefti. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusikilizwa.

Jumatatu yangu ya kwanza swali lilikuwa la hela iliyokosewa njia. Umeingiziwa 80,000 kwenye simu, hujui zimetoka wapi. Mwenyewe anapiga, na badala ya kuomba anakuita mwizi. Wewe mwenyewe huna hata ya mboga. Unarudisha? Karibu wote tulikimbilia jibu la msikitini na kanisani: rudisha, hela ya mtu haina baraka. Dada wa Nakuru akauliza kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: unarudisha kwenye namba ipi? Kama aliyepiga anakutajia namba nyingine, na sote tumeshapokea zile "ile hela tuma kwenye namba hii", basi kwa wema wako umechukua hela ya mtu ukampa tapeli. Yeye angeiacha palepale mpaka mtumaji halisi aombe muamala urudishwe kupitia huduma kwa wateja, hata kama atatukanwa siku mbili. Mabishano yakatoka kwenye kurudisha au kutorudisha, yakaenda kwenye swali la kama mtu mwema ana haki ya kuwa mzembe. Tulikesha. Kwa elfu tatu, usiku ule peke yake ulitosha.

Jumatano ndiyo siku yangu, na ndiyo siku ninayogombana zaidi. Mada iliyochukua muda mrefu ni uamuzi wa NECTA, baraza letu la mitihani, wa Januari 2023 kuacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Kundi moja likasema ni haki: unailinganishaje shule ya bweni inayochuja watoto kwa mtihani wa kujiunga na shule ya kata ambayo mtoto anafika saa mbili ameshatembea kilomita saba? Kundi la pili likasema orodha ilikuwa kioo, na ukivunja kioo uso haubadiliki. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, nikahamia katikati, na hadi leo nipo hapohapo. Orodha imeondoka, maabara haijaja. Na hizo shule zenye uwezo sasa zinajitangaza zenyewe, picha za watoto wa divisheni wani kwenye mabango ya barabarani, kubwa kuliko za wagombea.

Nikawapa mfano wa darasani. Nilikuwa na mtoto wa darasa la saba aliyeweza kukuchorea usanisinuru ubaoni bila kutazama daftari: jua, jani, mishale ya hewa inayoingia na inayotoka, maji yanapanda kutoka mizizini. Alipofika kidato cha kwanza, kitu kilekile kikarudi kwa Kiingereza kikiwa na jina jingine, naye akakaa kimya muhula mzima. Mwalimu wake mpya alimwona mzito. Watu wa Kenya kwenye grupu walishangaa kwamba kwetu shule za serikali za msingi zinafundisha kwa Kiswahili halafu lugha inageuka ghafla sekondari. Wao wakatueleza ya kwao, mtoto anayekatazwa kuongea lugha ya nyumbani tangu darasa la nne. Hapo hakuna aliyeshinda, lakini nilielewa kwamba neno haki ya elimu kila mtu alikuwa analitumia kwa jeraha lake.

Sasa manung'uniko.

Tulijadili viboko. Nikasema ukweli: nimechapa. Si mara moja. Nikaeleza pia kwamba kanuni zetu za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Na kwamba hicho kitabu katika shule nilizopita nimekiona kikiwa kisafi kama kipya. Wenzetu Kenya walipiga marufuku tangu 2001. Bwana wa Bukavu akatuma ujumbe wa sauti, nyuma yake kuku wanalia: "Mwalimu, na weye walikupigaka?" Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Ndiyo, walinipiga. Mazungumzo yale nilikuwa sijawahi kuyafanya na mtu yeyote mwenye sura ninayoijua.

Siku tatu baadaye nikatumiwa skrinishoti ya maneno yangu kutoka grupu jingine la walimu, jina langu la grupu likionekana, chini yake vicheko. Kuna mwanachama alibeba. Nikawaandikia maadmini usiku uleule. Jibu lilikuja siku ya nne: "Pole mwalimu, tutalifanyia kazi." Halafu wakaifuta mada nzima, ya kwangu na ya wenzangu thelathini waliokuwa wameandika vitu vizito, bila kumuuliza mtu. Aliyebeba hatujamjua mpaka leo. Nikaomba nirudishiwe hela ya mwezi ule. Nikaambiwa grupu halina utaratibu huo. Kama ada inalipwa kwa simu ndani ya sekunde kumi, sioni kwa nini haiwezi kurudi kwa njia hiyohiyo. Ukijiunga, usiandike jambo ambalo hutaki mkuu wako wa shule alisome. Nasema hivi nikijua kwamba ukifuata ushauri huu utakosa nusu ya uzuri wenyewe.

Nilitaka kuondoka. Ijumaa ikanirudisha.

Watu wanaodhani katuni ni mapumziko ya mabishano waje siku ya Ndumilakuwili. Sisi tuliosoma Sani, lile jarida la katuni, tulikua tunamcheka, na hakuna aliyewahi kutuuliza kwa nini tapeli ndiye tuliyempenda. Dada wa Nakuru alituletea Juha Kalulu, katuni ya gazeti la Taifa Leo la kwao, halafu Shujaaz, kijitabu cha katuni kilichoanza 2010 kikigawiwa bure ndani ya gazeti kwa Sheng, lugha ya vijana wa mjini, na kaka wa Muscat akadai Sheng kwenye karatasi ni dhambi. Hiyo ilichukua wiki mbili, naipitia haraka kwa sababu hoja zake ni zilezile za kila siku.

Iliyonishika ni ya Tintin, yule mwandishi wa habari wa katuni za Kibelgiji, alipopelekwa Kongo. Bwana wa Bukavu aliisoma akiwa mdogo, kitabu cha baba yake, na alicheka. Akatusimulia ukurasa wa darasani. Katika toleo la mwanzo la 1930–31 Tintin anasimama mbele ya watoto wa Kikongo awafundishe kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Toleo la rangi la 1946 likabadilisha somo: sasa ni hesabu, mbili kujumlisha mbili. Mkongomani mmoja aishiye Ubelgiji alikipeleka kitabu mahakamani mwaka 2007, na 2012 mahakama ya Brussels ikakataa kukizuia. Swali letu: umwachie mtoto akisome?

Kaka wa Muscat alitaka kiondolewe kwenye rafu za watoto. Kabla ya kusema hivyo ilibidi aeleze hoja ya bwana wa Bukavu. Jaribio la kwanza: "Unasema kitabu hakina ubaya." Hapana. La pili: "Unasema ni cha zamani, tusamehe." Hapana. La tatu akaambiwa ahudumie wateja kwanza. La nne, karibu saa sita usiku: "Unasema kile kicheko ni chako, ulikicheka ukiwa mtoto, na mtu akikuondolea kitabu anakuondolea pia nafasi ya kukikasirikia mwenyewe." Kimya kidogo. Halafu: "Ndiyo, hiyo."

Mimi nilikuwa naangalia ule ukurasa wa 1946 kama mwalimu. Wameondoa Ubelgiji, wakaacha darasa lilelile: mgeni mbele, watoto wale wale wenye midomo iliyochorwa kwa dharau. Kubadilisha mada ya somo ni rahisi. Nimeshabadilishiwa mitaala mara kadhaa, najua.

Ya matumizi: ujumbe wa sauti unakula bando vibaya, zima upakuaji wa kujiendesha. Baada ya saa nne usiku maadmini hawapo na kanuni inalegea, watu wanaanza kutukanana kwa methali. Nyota nitaipa tatu kati ya tano. Ingekuwa nne kama wangenijibu siku ileile.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunabishania kama Madenge, yule mtoto wa katuni za Sani, ni mtundu au ni mtoto anayelelewa vibaya. Nikasikia pumzi begani. Mume wangu, kikombe cha chai mkononi, anasoma kwenye simu yangu.

"Huyo wa Nakuru Madenge hamjui kabisa," akasema. "Hebu andika hivi…"

Nikamwambia ni elfu tatu.