Dinamo ya Habu kwa Safari Ndefu za Baiskeli: Uzoefu Wangu

Watu wakisikia nasafiri mikoani kwa baiskeli, swali la kwanza huwa ni la miguu. Huchoki? Unawezaje? Miguu huzoea, jamani. Anza na kilometa 60 kwa siku, ule vizuri, ulale vizuri, na baada ya muda kilometa 100 za lami zitakuwa kazi ya kawaida. Kinachomsumbua msafiri wa baiskeli kila siku inayokuja ni umeme. Simu ndiyo ramani, ndiyo pochi ya kulipia chumba na wali maharage, ndiyo njia ya kumwambia mke wangu kwamba nimefika na niko salama. Taa nayo ni uhai kabisa. Vyote vinataka chaji, na mara nyingi nalala kwenye banda la mtu au uani kwa mwenyekiti wa kijiji, mahali pasipo hata soketi moja.

Kwa hiyo naandika kuhusu dinamo ya habu, yaani kijenereta kilichomo katikati ya gurudumu (ndiyo habu) kinachozalisha umeme unapoendesha, kifaa kilichobadilisha safari zangu kuliko kitu kingine chochote nilichofunga kwenye baiskeli. Nimekwenda nayo Iringa hadi Mbeya, Makambako hadi Songea, Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati, na Tabora hadi Mpanda. Imekula vumbi, imekula mvua, nina la kusema.

Dinamo ya zamani wengi tunaikumbuka: kile kichupa kilichosugua ubavu wa tairi kwenye Phoenix na Swala za wazee wetu. Ukikilaza kwenye tairi baiskeli inakuwa nzito na inalia njia nzima, na mvua ikinyesha kinateleza, taa inazimika. Ya habu ni tofauti. Imo ndani ya habu ya gurudumu la mbele: sumaku zinazunguka pamoja na gurudumu, koili ya waya imetulia kwenye ekseli. Hakuna kinachosuguana na tairi, na matope hayana pa kuingilia kirahisi. Wazo lenyewe ni la siku nyingi, Sturmey-Archer wa Uingereza walikuwa wakiuza habu za namna hii tangu miaka ya 1930. Ila ilikokomaa ni Ujerumani, ambako kwa miaka mingi sheria ilitaka baiskeli iwe na dinamo, na taa za betri peke yake zilikuja kuruhusiwa mwaka 2013 tu. Kipimo cha kule, volti 6 na wati 3, ndicho utakachokikuta kwenye habu nyingi zinazouzwa leo.

Wati 3 ni umeme kidogo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukata tamaa kwa sababu hawakuelezwa mapema. Kwa mwendo wa kilometa 18 hadi 20 kwa saa, simu yenye betri ya mAh 5,000 inachukua karibu siku nzima ya kuendesha kutoka sifuri hadi kujaa. Tegemea saa saba hadi nane. Ukiweka ramani iwake kwenye kioo muda wote, unachozalisha ndicho unachokula, asilimia haipandi. Nikichaji simu moja kwa moja kutoka kwenye dinamo, huiweka kwenye hali ya ndege, kioo kimezimwa, naiwasha kwenye njia panda tu. Nikifika jioni nina simu iliyojaa, na hapo ndipo nafanya mambo yangu yote.

Chini ya kilometa 12 kwa saa, chaja, kile kiboksi kinachogeuza umeme wa dinamo kuwa wa USB, inaanza kukosa nguvu. Mlima Kitonga ndio uliniambia hivyo waziwazi. Unapanda pale na mizigo kwa mwendo wa mtu anayetembea, malori yanaunguruma pembeni, na simu inalia "pii" kila inapopata umeme na kuupoteza, kioo kinawaka na kuzima, mwishowe betri inashuka badala ya kupanda. Dawa yake ni kuweka pawabenki katikati: dinamo inajaza pawabenki, pawabenki inalisha simu. Si kila pawabenki inaweza kupokea na kutoa umeme kwa wakati mmoja, kwa hiyo ijaribu nyumbani kabla ya safari. Hata hivyo mimi nimeishia kufanya kwa zamu: mchana dinamo inajaza pawabenki, usiku pawabenki inajaza simu nikiwa nimelala.

Uzito wa kupiga pedeli? Niliuogopa sana kabla ya kununua. Ikiwa inachaji, dinamo inakula wati tano au sita za nguvu yako, na mtu anayeendesha kwa mwendo wa kawaida kwenye tambarare anatoa wati mia na kitu. Siuhisi. Upepo wa Makambako ukikupiga usoni hutakumbuka kama una dinamo.

Ilinilipa zaidi kwenye barabara ya Tabora kwenda Mpanda. Ukishapita Sikonge na Ipole unaingia kwenye msitu wa miombo ambao hauishi. Ni zaidi ya kilometa 300 kati ya Tabora na Mpanda, lami nzuri, magari machache, vijiji viko mbali sana kimoja na kingine. Mbung'o wa pale ni wa kutisha. Wanafuata kitu kinachosogea, wanapenda rangi ya buluu na nyeusi, na wanauma juu ya nguo, kwa hiyo vaa kaki na usivae suruali nyeusi hata kama ndiyo ya baiskeli. Kwenye barabara kama ile huwezi kupanga kwamba leo nitalala penye umeme. Unafika unapofika.

Njiani nilisimama kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza asali kwenye chupa za maji, amezipanga juu ya gogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaanza kuikagua baiskeli. Akauliza, "Kijana wangu, huu waya unakwenda wapi?" Nikainua gurudumu la mbele nikalizungusha kwa mkono, taa ikawaka mchana kweupe. Alicheka sana, halafu akatoa kitochi chake mfukoni, simu ndogo ya vitufe, kimezima. Nikachomeka waya, mjukuu wake, kijana wa sekondari mwenye miguu mirefu, akaichukua baiskeli akawa anakwenda na kurudi barabarani huku mimi nimekaa kivulini nakula asali na mkate. Alipochoka kitochi kilikuwa kimewaka, na mzee akampigia mwanawe Inyonga pale pale. Kitochi hakihitaji umeme mwingi, nusu saa inatosha kwa simu kadhaa. Simu janja isingewezekana.

Lakini kwangu mimi kuchaji simu ni faida ya pili. Ya kwanza ni taa.

Msafiri wa baiskeli huku kwetu lazima aondoke alfajiri. Jua la saa tano mchana linakumaliza, kwa hiyo unataka uwe umekata nusu ya safari kabla yake. Kwa upande wa Tabora na Katavi kunachelewa kupambazuka, saa kumi na mbili na nusu bado ni kijivu. Ukiondoka saa kumi na moja una zaidi ya saa nzima ya giza, na hiyo ndiyo saa ambayo mabasi yanakimbia na dereva wa lori aliyeendesha usiku kucha amechoka. Taa ya betri hunilazimisha kupiga hesabu: niiwashe kwa nguvu au kidogo, itafika au haitafika. Taa ya dinamo haina hesabu. Gurudumu likizunguka inawaka, mbele na nyuma, na zile zenye kapasita ndogo ndani, kidude kinachohifadhi umeme kidogo, huendelea kuwaka dakika chache hata ukisimama kuchimba dawa. Nilichagua taa ya mbele yenye mwanga uliokatwa juu kama wa gari, unaomwagika barabarani bila kumpiga machoni anayekuja. Tofauti niliiona mwenyewe, madereva wanapunguza taa zao. Ile niliyokuwa nayo zamani, ya mwanga wa duara, walikuwa wananijibu kwa kuniwashia taa kubwa.

Hili la taa nalichukulia kwa uzito. Mike Hall, Mwingereza aliyeanzisha mbio za Transcontinental za kuvuka Ulaya bila msaada mwaka 2013, mtu aliyezunguka dunia kwa baiskeli, aligongwa na gari akafariki tarehe 31 Machi 2017 karibu na Canberra, Australia, kabla jua halijachomoza. Alikuwa miongoni mwa bora kabisa duniani. Barabara haiangalii uzoefu. Mimi nina taa ya dinamo, taa ya pili ya betri nyuma, na kizibao kinachong'aa, na bado basi likinikaribia kwa nyuma natoka nje ya lami.

Sasa mabaya. Chaja yangu ya kwanza iliandikwa kwamba haiingizi maji. Mvua ya Njombe ilinyesha mfululizo, na tundu la USB likaota kutu ya kijani. Mara inachaji, mara haichaji, hadi ikafa kabisa kabla sijafika Songea. Nilipomwandikia muuzaji akajibu kwamba uharibifu wa maji haumo kwenye dhamana. Kifaa kinauzwa kwa watu wanaolala nje, kimeandikwa hakiingizi maji, halafu maji hayamo kwenye dhamana! Iliniuma, maana haikuwa bei ndogo. Ninayotumia sasa haina tundu la wazi. Inatoka na waya wake uliozibwa, na kichwa cha waya kinakaa ndani ya mkoba wa kwenye usukani, nimekifunga na mpira wa tyubu kuukuu. Haijanisumbua. Nawasihi muangalie tundu kwanza kabla ya kitu kingine. Habu zenyewe ni imara, chaja ndizo mbovu.

Kingine ni mafundi. Fundi baiskeli wetu ni hodari, ananyoosha rimu kwa jicho tu, lakini habu hii hajaizoea. Ukizungusha gurudumu kwa mkono utasikia linakwamakwama, tik-tik-tik, na hiyo ni sumaku, ndivyo ilivyotengenezwa. Fundi mmoja Iringa aliposhika gurudumu langu akasema, "Kaka, habu yako imekauka, ngoja niifungue nitie grisi," na spana iko tayari mkononi. Nilimzuia haraka. Ndani kuna waya mwembamba unaopita kwenye ekseli, ukizungusha nati vibaya unakatika, na hapo umepoteza habu nzima. Mwambie fundi asuke spoku, anyooshe rimu, abadilishe tairi, lakini habu asiifungue. Spoku zake pia ni fupi kuliko za habu ya kawaida kwa sababu mwili wake ni mnene, kwa hiyo beba tatu au nne za akiba zenye urefu huo. Dukani vijijini hutazipata.

Nimetumia pia paneli ya sola ya kukunja. Ukiwa umekaa mahali siku nzima ni nzuri, inashinda dinamo. Ukiwa barabarani inapigwa na kivuli chako mwenyewe, inatikisika juu ya keria, na ukisimama kula lazima ukae nayo karibu isije ikaondoka na mtu. Mwanamke Mskoti, Jenny Graham, mwaka 2018 alizunguka dunia kwa baiskeli peke yake kwa siku 124, bila gari la kumfuata. Mskoti mwenzake, Mark Beaumont, aliimaliza safari kama hiyo kwa siku 78 mwaka 2017 akiwa na timu na magari. Nawaheshimu wote wawili, ila maisha yangu ya barabarani ni ya upande wa Jenny: hakuna gari nyuma lenye betri iliyojaa, kila ninachohitaji kiko juu ya baiskeli.

Bei. Habu za daraja la chini nje ya nchi huanzia kama dola 40 hadi 60, za Kijerumani za juu kabisa zinapita euro 250. Yangu ni ya daraja la kati. Ongeza taa, chaja, usafiri na gharama ya kusuka gurudumu jipya. Ni fedha nyingi kwa Mtanzania wa kawaida, na sitamshauri mtu anayetembea mara moja kwa mwaka, akilala gesti kila usiku, aipoteze huko. Nunua pawabenki mbili, na njiani chaji kwa mwenye kibanda kwa mia tatu au mia tano. Hata yule anayependa njia za milimani za kokoto, ambako mwendo ni mdogo kutwa nzima, atapata taa lakini simu haitajaa.

Kwa anayekaa barabarani wiki baada ya wiki, naipa nyota nne kati ya tano, na ile iliyobaki imechukuliwa na chaja. Kama fedha haitoshi kununua vyote kwa pamoja, anza na habu na taa mbili, mbele na nyuma. Chaja utaiongeza baadaye kwenye waya zilezile.