Adapta ya waifai ya 25,000 au neno moja kwenye GRUB?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Niko Ngarenaro, Arusha, baridi ya mwezi wa saba imetushika kweli kweli, kwa hiyo mkisikia sauti inakwaruza mnivumilie. Leo mezani nina adapta ya waifai ya USB, hii hapa, umbo kama flashi ila ina kiantena. Nimeinunua mjini shilingi 25,000. Nitaichambua, lakini nawaambia mapema kwamba dogo niliyemnunulia hakuihitaji.

Iko hivi. Dogo wa mtaani, yuko chuo, alikuja na laptopu yake ya mtumba yenye Linux Mint. Akiwasha, waifai inashika, anafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, halafu kimya. Alama ya waifai imejaa palepale, intaneti hakuna. Fundi alishamwambia kadi ya ndani imeungua. Sasa chalii yangu, kitu kikiungua kimeungua, hakikupi dakika mbili za kazi kila ukiwasha. Sawa, zipo kadi zinazozingua zikipata joto, ila hii ilizingua saa kumi na mbili asubuhi, na baridi hii!

Basi tukafungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, tukaandika sudo dmesg. Yale ni maelezo ya kerneli, yaani moyo wa mfumo, kila kinachotokea ndani ya mashine kinaandikwa pale. Ikamwagika mistari mingi inayofanana: DMAR, halafu DMA Read, halafu namba 03:00.0, na mwishoni PTE Read access is not set. Tukaandika lspci -nnk ili tujue 03:00.0 ni nani. Ni kadi ya waifai. Mtuhumiwa tumempata, ila tusimfunge bado.

Hapa naomba dakika zenu, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Kadi ya waifai haimsubiri prosesa aibebee data. Inaingia yenyewe kwenye RAM, inachukua au inaweka, basi. Ndiyo hiyo DMA. Kwenye mashine nyingi kuna mlinzi anayeitwa IOMMU. Mfikirie kama mlinzi wa ghala pale soko la Kilombero: ana daftari, na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ndiyo inayoandika humo kwamba kijana huyu leo anaruhusiwa chumba namba fulani. Draiva ikikosea namba ya chumba, au ikifuta jina kabla kijana hajamaliza kubeba mzigo, mlinzi anafunga mlango. Kijana anabaki nje na mkokoteni wake, na wewe unaona waifai imeganda. Kadi ni nzima kabisa. Aliyechafua daftari ni draiva.

Tena angalieni neno Read au Write, msilipite. Read ni kadi inataka kusoma kwenye RAM, mara nyingi ili irushe hewani. Write ni kadi inataka kuandika kwenye RAM. Write ndiyo inayonitisha mimi. Kama kadi inaandika mahali pasipo pake na ukamwondoa mlinzi, mistari ya kosa itapotea na utafurahi, kumbe data inaandikwa juu ya vitu vingine kimyakimya. Baada ya wiki faili zinaharibika na hujui mchawi nani.

Ya dogo ilikuwa Read tupu, kwa hiyo nikathubutu. Wakati wa kuwasha unashika Shift, au Esc kwenye mashine mpya, inakuja menyu ya GRUB, ile programu inayoipakia Linux. Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwisho wake ongeza iommu=pt, kisha F10. Hiyo ni ya safari moja tu, ukizima inafutika, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Maana yake mlinzi yupo, ila anaviachia vifaa vya mashine vipite bila kutafsiriwa anwani, yaani bila kuangalia daftari. Wengine watakuambia uandike intel_iommu=off moja kwa moja. Huko ni kumfukuza mlinzi kabisa, mimi sipendi kuanzia huko.

Tukaiacha siku tatu. Dmesg safi, dogo anapakua notisi zake. Ndipo tukaliandika neno hilo kwenye /etc/default/grub, tukamalizia na sudo update-grub.

Kwa nini ilianza ghafla? Alisasisha mfumo. Kuna kerneli zinazokuja na mlinzi huyu amelala, nyingine zinakuja naye yuko macho. Tulipowasha kwa kerneli ya zamani kutoka menyu ileile ya GRUB, kosa halikuwepo.

Ila ukikuta kwenye dmesg maneno unable to handle kernel paging request, hiyo ni habari nyingine. Hapo draiva yenyewe, ikiwa ndani ya prosesa, imegusa anwani isiyokuwepo. iommu=pt haitakusaidia kitu. Jaribu kerneli nyingine, na kama draiva uliijenga mwenyewe kwa DKMS, ile zana inayojenga draiva za nje ya kerneli, ishuku hiyo kwanza. RAM pia ipime kwa memtest86+, usiku mzima ukiweza.

Haya, adapta. Ndani ina chipu ya AR9271, draiva yake ath9k_htc imo ndani ya kerneli tangu 2.6.35, mwaka 2010. Kwenye Mint nilichomeka ikashika, sikupakua chochote. Na kwa tatizo letu ina faida moja nzuri: kifaa cha USB hakiingii RAM chenyewe, kidhibiti cha USB ndicho kinachoingia kwa niaba yake. Kwa hiyo daftari la 03:00.0 halimhusu.

Ubaya wake ni 2.4 GHz pekee, na maghetto ya huku kila chumba kina ruta, hewa imejaa. Ile 150 Mbps ya kwenye boksi msiitegemee. Inameza tundu moja la USB, na ukipakata laptopu kitandani antena inakuchoma mbavu. Halafu msinunue kwa jina la boksi: adapta ya TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ina chipu hii, toleo la 2 wakabadilisha chipu. Mwambie muuzaji akuruhusu uchomeke, andika lsusb, ukiona 0cf3:9271, namba ya chipu hii, lipa.

Ningeinunua tena? Kwa laptopu ambayo kadi yake imekufa kweli, ndiyo. Kwa hii ya dogo, hapana, na nimemwambia kerneli mpya ikija alitoe lile neno kwenye GRUB aangalie dmesg upya, huenda draiva imesharekebishwa. Adapta inabaki kwangu. Mwenye laptopu inayozingua hapa Arusha aniandikie kwenye maoni, aanze na mistari ya dmesg, siyo "bro waifai haishiki".