Osaka kwa miguu: kutoka Kuromon hadi Shinsekai

Kwa anayetaka kula, kununua na kuzurura siku nzima bila kupandapanda treni, njia hii ya jiji la Osaka, Japani, ndiyo ninayoipendekeza: unashuka kituo cha Nipponbashi, unaelekea kusini kwa miguu, jioni unaibukia mtaa wa Shinsekai.

Soko la Kuromon liwahi, saa tatu au nne asubuhi. Chaza na kamba wa kuchoma ni watamu kweli, ila bei zimekaa kitalii; soma bei kabla muuzaji hajaweka jikoni. Kula palepale mbele ya kibanda, kisha mrudishie kijiti na kisahani, maana mapipa ya taka mitaani ni ya kutafuta. Takoyaki ni vitumbua vya pweza: vitoboe kwanza mvuke utoke, kwani nje vimeshika lakini ndani ni uji unaobabua ulimi.

Sennichimae Doguyasuji, mtaa wa vyombo vya wapishi, ndipo pa kutuliza miguu. Kwa jiko la nyumbani nachagua kisu cha santoku chenye bapa la sentimita 16 hadi 18. Yanagiba na deba ni visu vya samaki, vimenolewa upande mmoja. Kwenye karoti vinakwenda upogo. Uliza kama ni chuma cha pua au cha kaboni. Cha kaboni hushika makali vizuri sana, ila ndimu hukibadilisha rangi, na kikilala kimelowa kinaamka na kutu. Ugumu wa vyuma hivi ndio unaofanya makali yamegeke, kwa hiyo usikatie mfupa, nyama iliyoganda wala nazi. Nunua na kinoo namba 1000. Kwenye ndege, kisu kiende kwenye begi la mizigo, kamwe si la mkononi.

Beba pasipoti yenyewe, si nakala. Ukinunua kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi katika duka linaloshiriki, mgeni husamehewa kodi hapohapo dukani; kuanzia 1 Novemba 2026 unalipa kamili, kisha unarudishiwa unapoondoka nchini.

Ukishuka zaidi unapita Den Den Town, maduka ya umeme. Sufuria za kupikia wali zinavutia, lakini umeme wa Japani ni volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 au 240 ya kwetu inaungua. Tafuta iliyoandikwa 220–240V.

Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku, kula kushikatsu, mishikaki iliyopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Palipo na bakuli la mchuzi la pamoja, chovya mara moja tu, kabla hujang'ata. Ukitaka zaidi, chota kwa jani la kabichi. Asiyekula nguruwe ajue kwamba kuagiza samaki hakutoshi, kwa kuwa mara nyingi mafuta ya kukaangia ni yaleyale ya nguruwe. Weka pesa taslimu, si kila duka linapokea kadi. Kurudi, panda kituo cha Dobutsuen-mae, njia ya treni ya Midosuji: inakufikisha kituo cha Namba au cha Umeda bila kubadilisha treni.