Uzio wa mbao bustanini: nguzo za dawa, mwaka wa pili sasa

Wadau naomba niwape uzoefu wangu wa hizi nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, maana kabla sijanunua nilihangaika sana kupata mtu aliyezitumia mwenyewe.

Nina bustani ya mboga nyuma ya nyumba hapa Kibaha, futi 36 kwa 24, na mbuzi wa huku mkigeuka tu mchicha hauna kitu. Uzio wa kwanza niliweka nguzo mbichi nikazipaka oili chafu chini kama kila mtu anavyosema. Haikufika mwaka na nusu. Kwa nje nguzo ilikuwa nzima kabisa, ukiigonga inalia kama debe tupu, nikaisukuma kwa mguu ikakatikia pale pale usawa wa udongo, ndani ni vichuguu vya mchwa tupu.

Safari hii nikanunua nguzo za dawa 21, bei karibu mara mbili ya zile mbichi, iliniuma kweli ila sijutii. Mbao nikachukua paina ya Mafinga, nayo ya dawa, inchi mbili kwa tatu za kulaza na inchi moja kwa nne za kusimamisha. Hapa sikilizeni vizuri: mbao nyingi dukani ni futi 12, kwa hiyo weka nguzo kila futi 6, mbao moja inashika nafasi mbili na maungio yanaangukia kwenye nguzo, hukati wala hutupi kitu. Na hizo za kusimama ukikata futi 4 unapata tatu kamili.

Kosa lililotaka kuniharibia kazi ni hili. Nguzo zilikuja futi 8, kijana aliyekuwa ananisaidia akaanza kuzipunguza upande wa chini. Nilipoangalia pale zilipokatwa nikaona duara la kijani pembeni tu, katikati kweupe, yaani dawa haijafika kwenye moyo. Ukifukia upande huo umemfungulia mchwa mlango. Dawa yake ni kugeuza tu, upande wa kiwandani uende chini, uliokatwa ukae juu na uupake dawa ya mbao. Vipande vilivyobaki msipikie jamani, ile dawa ni sumu na moshi wake pia.

Shimo futi mbili na nusu, kokoto kidogo chini maji yapite, halafu zege, na juu unalichongea mteremko maji yasituame kwenye nguzo. Panga nguzo za kona kwanza, vuta uzi, nyingine zifuate uzi, pima maji usiiache mbali. Mbao za kusimama ziinue vidole viwili kutoka ardhini, mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake kwa nje na utamuona mapema.

Kilichoniudhi ni mbao zenyewe. Zililetwa bado zina maji, nzito, nikazipigilia zimebanana vizuri, baada ya miezi miwili zimesinyaa na mapengo yamejitokeza kila mahali. Ningejua ningezipanga kivulini wiki kadhaa kwanza na vijiti katikati upepo upite. Nne kati yake nilizikwangua kwa kisu nikakuta dawa ni ya juu juu tu, muuzaji alinibadilishia lakini ni baada ya kuzirudisha kwa bodaboda mara mbili, hilo sikulipenda.

Geti nalo lilianza kulala mwezi wa tatu tu. Nikaongeza ubao wa mshazari, unaanzia chini upande wa bawaba unapanda mpaka juu upande wa komeo, ukigeuza hausaidii kitu. Tangu hapo halijagusa chini. Juzi nimefukua udongo kwenye nguzo nne nikachoma kwa bisibisi, ngumu zote, na nimeshaagiza nyingine kwa ajili ya banda la kuku.