Basi la Malindi kwenda Lamu: safari nzuri, dirisha la tiketi baya

Natoka Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe, nashona na kuuza mabuibui mtaa wa Langoni, na vitambaa vyangu navinunua Malindi. Njia hii naijua. Haya nayaandika kwa msafiri mwenzangu anayetaka kujua apande gari gani na ajitayarishe vipi. Kampuni siitaji, kwa sababu nitakalolisema nimelikuta kwa zaidi ya moja, na sitaki mtu ahame basi moja aingie jingine akidhani amelikimbia.

Basi lenyewe ni zuri. Nauli nililipa shilingi 1,000, likaondoka Malindi kwa saa yake, viti vizima, muziki wa kiasi. Ukisafiri asubuhi kaa kushoto, maana jua linapiga upande wa dereva kuanzia daraja la Sabaki, Gongoni yote na mashamba yake ya chumvi, mpaka Garsen. Mzigo wangu wa vitambaa uliandikwa jina na namba kwa kalamu nzito, ukawekwa kwenye buti juu ya mbao, ukafika mkavu Mokowe, huko bara ambako basi huishia na sisi hupanda boti kuvuka kisiwani. Dereva hakukimbia. Minjila tulipewa muda wa kutosha kwenda msalani na kununua mayai ya kuchemsha na maembe, na kondakta alihesabu watu kabla ya kung'oa, jambo ambalo si kila gari hulifanya. Barabara sasa ni lami mpaka Mokowe. Wanaokumbuka tope la Garsen na Witu watajua hiyo ni neema kubwa kiasi gani, ingawa mafuriko ya mwisho wa 2023 yalituonyesha kwamba hata lami Mto Tana huimeza ukitaka.

Sasa dirisha la tiketi.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa kijana wa Kibajuni, yaani wa watu wa visiwa na pwani ya kaskazini ya Lamu, mkoba mgongoni, kitambulisho mkononi. Dada wa tiketi alikichukua, akakisoma nyuma na mbele, akamtazama uso.

"Kopi ya kitambulisho cha mzazi unayo?"

"Dada, changu si hicho unacho mkononi?"

"Nauliza cha mzazi. Wewe kwenu Kizingitini. Ukishushwa kwenye kizuizi, gari zima litakungoja wewe. Tajiri hataki."

Kijana hakuwa nacho. Akasogea pembeni, akampigia mamake, na baada ya muda picha ikaingia kwenye WhatsApp. Akaionyesha, akakatiwa tiketi, kiti cha nyuma kabisa. Viti vya mbele vilikuwepo, kwa sababu mimi niliyekuwa nyuma yake nilipewa cha mbele. Na mimi, mwanamke wa makamo mwenye furushi la vitambaa, sikuulizwa hata kitambulisho changu mwenyewe.

Nilimwuliza yule dada: mwanangu, nani kawaagiza hivi, polisi? Akanijibu kwa upole, wala hakuwa na ubaya wowote: "Hakuna aliyetuagiza, mama. Tumekuta ndivyo inavyofanywa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Amri ya polisi nitaiona, nitaipinga, nitamwendea wakili au mwakilishi wa wadi. Lakini jambo ambalo hakuna aliyeliagiza, na bado linafanywa kila asubuhi dirishani, nitampelekea nani malalamiko? Kampuni binafsi imeona serikali ikiwachambua watu kwa sura na mahali pa kuzaliwa, ikachukua uchambuzi huo ikaufanya utaratibu wa kukata tiketi, ili gari lisichelewe. Hata kizuizini hatujafika, kijana ameshahukumiwa na karani wa mabasi.

Kizuizini tulishuka wote, kama kawaida. Basi likasogezwa mbele tupu, sisi tukapita kwa mstari mmoja, kadi mkononi. Bibi mmoja mwenye magoti mabovu alishushwa kwa kushikwa mikono yote miwili, akatembezwa, akapandishwa tena kwa kusukumwa kiunoni. Kadi yangu askari aliitupia jicho tu. Yule kijana aliwekwa kando. Aliulizwa alizaliwa wapi, na pameandikwa kwenye kadi. Aliulizwa jina la chifu wao, akalitaja. Aliulizwa tena, akalitaja tena. Sisi tulikuwa tumeshakaa. Na hapa ndipo nilipoumia zaidi ya yote: abiria wakaanza kumsonya yeye. "Huyu anatuchelewesha." Hakuna aliyemnung'unikia askari wala utaratibu wenyewe. Walimnung'unikia mtoto wa watu aliyekuwa na kitambulisho halali kama vyetu. Aliporudi alipita kati ya viti akiangalia sakafu, na hakusema neno mpaka tulipofika Hindi.

Mtu asinisome vibaya. Hofu ya njia hii ina sababu. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani waliuawa watu zaidi ya 60. Januari 2020 basi lilishambuliwa kwa risasi Nyongoro, kwenye barabara hii hii, na abiria wakafa. Mimi nataka gari likaguliwe. Nataka mizigo ifunguliwe, wangu ukiwa wa kwanza. Ninalolipinga ni uamuzi unaotolewa ndani ya wiki ya matanga, wakati kila mtu analia na hakuna anayethubutu kuuliza, kisha unabaki pale miaka nenda miaka rudi bila tarehe ya mwisho, mpaka waliokuja baadaye wanadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Tuliona mwanzo wake sisi wenyewe. Julai 2014 ilitangazwa kafiyu Lamu, yaani marufuku ya kutoka nje usiku, saa kumi na mbili unusu jioni mpaka saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ilikuwa Ramadhani. Tulikuwa tunafuturu milango imefungwa, na tarawehe watu wakasali majumbani. Kafiyu ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka Desemba. David Kimaiyo, Inspekta Jenerali aliyeitangaza, alijiuzulu mwezi huo huo wa Desemba, na kafiyu ikaondolewa, lakini marufuku ya kuvua usiku ikabaki nyuma yake kwa miaka. Ndugu yangu ni mvuvi. Samaki anaowajua ni wa usiku, na mchana alikuwa anarudi na kitoweo cha nyumba yake tu. Hakuna siku aliyoitwa akaambiwa marufuku hii itaisha lini, wala ni jambo gani likitimia itaondolewa. Aliuza mashine ya boti akaenda kufanya vibarua vya ujenzi.

Kisha ikaja kafiyu ya Julai 2017, sehemu za Lamu, Tana River na Garissa, miezi mitatu. Ikaja nyingine Januari 2022 kwa baadhi ya sehemu za kaunti yetu. Ile ya kwanza, barazani kwetu watu waliuliza kwa nini, na kwa sheria gani. Ile ya 2022 nilisikia swali moja tu: inaanza saa ngapi? Hivyo ndivyo jambo baya linavyopata mizizi. Anayelirudia mara ya pili hahitaji tena kueleza chochote, anasema tu hata 2014 ilifanywa.

Na 2014 nayo haikuwa mwanzo. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga iliyozuia watu kushtaki kwa yaliyofanywa na maafisa wa serikali wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, kuanzia Desemba 1963 mpaka 1967. Wengi wakiisikia sheria hiyo huwaza Garissa na Wajir. Lakini orodha ya maeneo yake ilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, pamoja na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Lamu imo. Wabajuni waliokimbia visiwa na pwani ya bara miaka ile, wakaacha mashamba na visima vyao, sheria iliwafungia mlango wa mahakama. Wajukuu wao ndio hawa wanaoombwa kitambulisho cha mzazi kwenye dirisha la basi.

Walioandika Katiba ya 2010 naamini waliyaona hayo. Ibara ya 58 inasema hali ya hatari ikitangazwa haizidi siku 14 bila Bunge kukubali, na kila kuongeza kunataka kura nyingi kuliko mwanzo: theluthi mbili mara ya kwanza, kisha robo tatu. Kwa maneno mengine, kadiri serikali inavyotaka kuendelea, ndivyo inavyotakiwa kutoa hoja nzito zaidi. Ni utaratibu mzuri sana. Lakini kafiyu zetu hazikupita mlango huo. Zilipita kwenye Sheria ya Utulivu wa Umma, na kwa hiyo ile saa ya siku 14 haikuanza kuhesabu. Marufuku ya uvuvi, mistari ya kizuizini na dirisha la tiketi vimekuwa mbali zaidi na macho ya Bunge.

Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza mwisho wa ule uhakiki wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa mipakani, uliokuwa umewatesa kwa miongo. Nilifurahi kwa dhati, na bado nafurahi. Sasa nenda dirishani Malindi uone. Serikali imesema imeacha uhakiki huo, lakini karani bado anauliza cha mzazi, kwa sababu alifundishwa na miaka yote ile, na tangazo moja halimfikii mtu ambaye hata hajui kwamba anachokifanya kilitoka kwa serikali.

Kampuni za mabasi nazo zisidhani Katiba inazungumza na serikali peke yake. Ibara ya 27 inaikataza dola kubagua kwa kabila, kwa asili, kwa kuzaliwa, kwa mavazi. Kisha fungu la tano linasema mtu naye asimbague mwingine kwa misingi hiyo hiyo. Mwenye basi ni mtu. Kiti cha nyuma alichopewa yule kijana kinaingia humo.

Kilichonipoza roho ni boti la Mokowe. Nahodha alituhesabu, akagawa majaketi ya kuokolea, akakataa kabisa kung'oa nanga mpaka mzee mmoja mkaidi alipofunga lake kifuani. Hakumwuliza yeyote kwao ni wapi. Usalama aliujali kuliko watu wote niliokutana nao siku ile, na aliujali kwa abiria wote sawasawa. Huduma hiyo naisifu bila kusita. Nahofia tu siku ambayo mwenye boti naye ataambiwa kwamba ndivyo inavyofanywa huko kwenye mabasi, kisha mwenye nyumba ya wageni, kisha anayekodisha chumba kwa wanafunzi.

Kwa anayesafiri: chukua kitambulisho chenyewe, picha ya simu haitoshi kizuizini. Ukiwa na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa. Ukiwa na mzee, mwambie kondakta mapema, wengine huomba ruhusa akaguliwe akiwa ameketi, na askari wengi hukubali. Na ukimwona mwenzako amewekwa kando, usimsonye. Muulize kondakta kwa sauti ya kusikika kwa nini amewekwa kando yeye peke yake.

Kwa kampuni: anayekuja na kitambulisho cha Kenya na nauli, mkatieni tiketi na mpeni kiti kinachofuata. Kama kuna agizo la kudai zaidi ya hapo, libandikeni dirishani, liwe na jina la aliyelitoa, sababu, na tarehe ya kuisha. Kama halipo, waambieni makarani wenu waache leo, na waambieni kwa nini, ili atakayeajiriwa mwaka ujao asikute ndivyo inavyofanywa.

Kwa safari, mzigo na dereva nawapa alama za juu. Kwa dirisha siwapi kitu. Haya ya mwisho nimeyaandika pia kwa mkono, nikayaacha na saini yangu na namba yangu ya simu pale pale ofisini Malindi, nikamwomba yule dada ayafikishe kwa tajiri. Aliyasoma mbele yangu, akayakunja, akayatia kwenye droo ya tiketi. Likija jibu la maandishi nitaliweka hapa lote, hata kama linanipinga.